Kinga Nyingi, Adui Mmoja: Uchambuzi wa Kisa cha Kiwanda cha Crosby na Kimbunga Harvey

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2017, trela moja la jokofu lililoegeshwa katikati ya mafuriko ya Kimbunga Harvey mjini Crosby, Texas, liliwaka moto lenyewe. Tarehe 1 Septemba yakawaka mengine mawili. Yalibaki sita, na tarehe 3 Septemba wakuu wa operesheni waliamua kuyachoma kwa makusudi, maana hakuna aliyeweza kusogea karibu kuokoa mali iliyokuwamo wala kutabiri saa ya mlipuko unaofuata. Kwa jumla ziliteketea zaidi ya pauni 350,000 za peroksaidi za kikaboni (kemikali za kutengenezea plastiki), sawa na tani 159 hivi. Wakazi zaidi ya 200 wa eneo la maili 1.5 (kilomita 2.4) kuzunguka kiwanda walihamishwa makwao, na watu 21 walitafuta matibabu baada ya kuvuta moshi.

Kiwanda hicho kilikuwa mali ya kampuni ya Arkema. Tumekichagua kwa sababu hakikuwa mahali pa watu waliolala. Kilikuwa na mpango wa kimbunga ulioandikwa, jenereta za akiba, naitrojeni ya kimiminika ya kupozea maghala umeme ukikatika, matrela ya jokofu yaliyoagizwa mapema, na watu 12 waliobaki kazini dhoruba ilipopiga. Biashara nyingi hazina hata nusu ya hayo. Na bado kila kinga ilianguka, moja baada ya nyingine, ndani ya siku chache. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali, CSB, ilitoa ripoti yake Mei 2018, na kiini chake ni hiki: kinga zilikuwa nyingi, lakini zote ziliweza kuuawa na kitu kimoja, yaani maji kupanda.

Hapo ndipo panapomhusu mwenye ghala, mwenye karakana, mwenye duka la dawa na mwenye seva. Akiba tano zinazokufa kwa sababu moja zina nguvu ya akiba moja tu.

Mali yenyewe

Peroksaidi za kikaboni hutumika kuanzisha mmenyuko wa kutengeneza plastiki. Baadhi yake hazivumilii joto la kawaida la chumba. Kila aina ina kiwango chake cha joto ambacho ikikivuka huanza kuvunjika, na kuvunjika huko kwenyewe hutoa joto zaidi, nalo joto hilo huharakisha kuvunjika, hadi moto. Huhitaji kiberiti wala cheche. Inatosha baridi kupotea.

Kwa hiyo umeme kwa kiwanda hiki haukuwa wa taa na mashine tu. Ulikuwa ndio kizuizi kati ya ghala na moto. Kila biashara ina kitu cha namna hiyo, japo madhara yake ni madogo zaidi: chanjo, damu, nyama, vifaranga, tanuri lisilotakiwa kupoa ghafla, data ya wateja. Maandalizi ya dhoruba yaanzie hapo. Andika kwenye karatasi moja: ni kitu gani hapa kikikosa huduma fulani kinageuka hasara au hatari, na kinachukua saa ngapi? Jokofu la kawaida lililofungwa huhifadhi chakula salama kwa saa 4 hivi bila umeme. Friza iliyojaa huvumilia saa 48 ikiwa haifunguliwi, na iliyojaa nusu saa 24. Kama ni dawa, usikisie. Tumia karatasi ya mtengenezaji. Saa hizo ndizo zitakazotawala maamuzi yote yanayofuata.

Jinsi siku zilivyokwenda

Mabaki ya Harvey yalivuka rasi ya Yucatán na kuingia Ghuba ya Mexico. Tarehe 23 Agosti yalijikusanya upya, na usiku wa tarehe 25 kimbunga kilitua karibu na mji wa Rockport kikiwa cha daraja la 4. Chini ya siku tatu kutoka mfumo dhaifu hadi kimbunga kikubwa. Crosby iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Rockport, kwa hiyo upepo haukuwa tishio kubwa pale. Tishio lilikuwa mvua, kwa sababu Harvey alitua kisha akasimama. Huko Nederland, Texas, kipimo kilifika inchi 60.58, yaani milimita 1,539.

Ni vizuri kukumbuka kwamba daraja la kimbunga, kuanzia la 1 hadi la 5, hupima kasi ya upepo peke yake. Halisemi lolote juu ya mvua wala mafuriko. Mfanyabiashara anayengoja kusikia "daraja la 3" ndipo ashtuke anaweza kuzamishwa na dhoruba ambayo upepo wake umekwisha.

Kiwanda kilisimamisha uzalishaji kabla ya dhoruba, wakabaki wale 12. Kati ya tarehe 27 na 28 maji yalipanda hadi kutishia, kisha kuzima, vifaa vya umeme na jenereta. Wafanyakazi wakaanza kuhamisha peroksaidi kutoka maghala ya baridi kwenda kwenye matrela ya jokofu, ambayo kila moja lina injini yake ya dizeli. Maji yalipozidi, foklifti (magari ya kuinulia mizigo) hazikufaa tena, na sehemu ya kazi ikabidi ifanywe kwa mikono, watu wakitembea majini na mizigo. Mfumo wa naitrojeni nao haukuweza kutegemewa. Kufikia tarehe 28 mali yote ilikuwa kwenye matrela tisa, lakini maji yalizuia baadhi yake kupelekwa mahali pa juu. Tarehe 29 watu wa mwisho waliondolewa. Kuanzia hapo matrela yalibaki peke yake, majokofu yakazimika, na kilichobaki kilikuwa suala la saa.

Inafaa kusema wazi kwamba wale watu 12 walifanya kazi ngumu na ya ujasiri. Kasoro ilikuwa kwenye mpango waliopewa, uliowaacha watumie mikono na miguu kufanya kilichopaswa kuwa kimefanywa siku mbili nyuma kwa foklifti kwenye sakafu kavu. Mashtaka ya jinai yaliyofunguliwa baadaye dhidi ya kampuni na baadhi ya viongozi wake yalimalizika 2020 bila yeyote kutiwa hatiani.

Kwa nini zilianguka pamoja

Zipange kinga za Crosby kwa mfululizo: umeme wa gridi, jenereta, naitrojeni, matrela, watu. Kwenye karatasi ni tabaka tano. Mtu akiuliza "umeme ukikatika?" kuna jibu. "Jenereta ikigoma?" kuna jibu. Kila swali lilidhani kwamba kitu kimoja tu kimeharibika na vingine viko sawasawa. Mafuriko hayafanyi kazi hivyo. Yanakuja kwa wote, kwa siku moja, kwenye uwanja mmoja.

Hata trela, linaloonekana limejitenga kwa kuwa lina magurudumu na injini yake, lilikuwa na udhaifu uleule. Kitengo cha kupozea cha trela hukaa mbele, juu, lakini tangi lake la dizeli huning'inia chini ya sakafu. Tangi la kawaida hubeba lita 190 hivi. Kitengo kinachofanya kazi mfululizo kwenye joto kali hula lita 2 hadi 4 kwa saa, kwa hiyo ukichukua lita 3 unapata saa 63. Baada ya hapo lazima gari la mafuta lifike, na barabara ileile iliyokuzuia wewe kutoka italizuia lenyewe kuingia.

Kosa la namna hii lilikwisha kuonekana kabla, mahali tofauti kabisa. Oktoba 2012, kimbunga Sandy kilipopiga New York, hospitali ya Bellevue ilikuwa na jenereta ghorofa ya 13, juu kabisa ya maji yoyote. Pampu za kuzipelekea mafuta zilikuwa chini ya ardhi. Pampu zikazama, na watu wakapandisha mafuta kwa mikono kupitia ngazi. Jenereta ilikuwa salama. Njia yake ya kulishwa haikuwa.

Kupima kimo cha kuzima

Hii ndiyo kazi tunayoona ina faida kubwa kuliko ununuzi wowote, na haigharimu zaidi ya siku moja. Kwa kila kifaa unachokitegemea, tafuta kimo cha maji ambacho kikifikiwa kifaa kinazima. Tutakiita kimo cha kuzima.

Anza na alama moja ya msingi. Mwite mpima ardhi akugongee msumari ukutani wenye mwinuko unaojulikana, kwa kipimo kilekile kinachotumiwa na ramani ya mafuriko ya eneo lako. Bila hivyo utakuwa na sentimita nyingi zisizolingana na ramani, na ramani itabaki picha. Kutoka kwenye msumari huo, peleka usawa kwenye kila chumba kwa mpira wa maji wanaotumia waashi: mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wa mita 15 hivi, uliojazwa maji bila povu. Shikilia ncha moja usawa na msumari, ncha nyingine ukutani mwa chumba unachopima, ngoja maji yatulie, piga alama. Kama kuna hewa ndani ya mpira alama itadanganya, kwa hiyo yajaze maji polepole na ukague urefu wote kabla ya kuanza. Fundi mwenye leza ataifanya kazi haraka zaidi, lakini mpira hauhitaji betri.

Kisha pima kutoka alama hadi sehemu ya chini kabisa ambayo maji yakiigusa kifaa hakifanyi kazi. Hapa watu wengi hukosea: hupima kitu kikubwa kinachoonekana, wakaacha kidogo kinachokilisha. Kwa jenereta, angalia betri ya kuwashia, chaja ya betri hiyo, paneli ya udhibiti, mdomo wa kuvuta hewa, pampu ya mafuta, soketi ya hita ya injini, na swichi ya kubadilishia umeme kutoka gridi kwenda jenereta. Tuseme injini iko sentimita 60 juu ya sakafu na swichi iko sentimita 70, lakini pampu ya mafuta imefungwa ukutani sentimita 15. Kimo cha kuzima cha jenereta hiyo ni 15. Hizo 60 hazina maana yoyote.

Endelea vivyo hivyo kwa transfoma, bodi kuu ya umeme, kompresa za ghala la baridi, swichi ya intaneti, kengele ya moto, pampu ya kutolea maji, pampu ya maji safi. Usisahau njia: sehemu ya chini kabisa ya barabara ya kuingia, na kina ambacho foklifti yako haiwezi tena kupita. Maji yaendayo kasi ya kina cha sentimita 30 hubeba gari dogo, na ya sentimita 60 hubeba magari mengi. Ikiwa mteremko wa langoni unajaa sentimita 40 kabla sakafu ya ghala haijalowa, basi umekwisha kufungiwa ndani wakati bado unajiona uko salama.

Ukimaliza, panga orodha kuanzia kimo cha chini hadi cha juu. Mambo mawili yatajitokeza papo hapo. Kwanza, vifaa vilivyorundikana kwenye kimo kimoja ni kinga moja, hata kama ni vinne. Pili, kifaa cha kwanza kwenye orodha mara nyingi ni cha bei ndogo: pampu, betri, boksi la nyaya. Kuinua pampu kutoka sentimita 15 hadi mita 1.5 ni kazi ya mchana mmoja na inaweza kukununulia saa nyingi.

Uinue hadi wapi? Kiwango cha usanifu cha Marekani kwa majengo katika maeneo ya mafuriko, ASCE 24, katika toleo lake la 2014 kiliyataka majengo ya lazima kama hospitali na vituo vya zimamoto yazidi mafuriko ya miaka 100 (yenye nafasi ya asilimia 1 kila mwaka) kwa futi 2, au yafike mafuriko ya miaka 500, kutegemea kipi kipo juu zaidi. Kwa vifaa vinavyozuia moto au vifo tusingekubali chini ya hapo hata kama sheria haikulazimishi. Kwa friji ya soda, inua unavyomudu.

Tangi la mafuta huelea

Dizeli ni nyepesi kuliko maji. Lita moja ina uzito wa kilo 0.84 hivi. Chukua tangi la chuma la lita 2,000 lenye uzito wa kilo 250 likiwa tupu. Likijaa, mafuta na tangi ni kilo 1,930. Likizama lote litasukumwa juu na maji kwa nguvu ya kilo 2,000. Maana yake tangi lililojaa pomoni bado linaelea, na likiwa tupu linavutwa juu kwa kilo 1,750. Likielea litakata bomba lake, litamwaga dizeli ndani ya mafuriko, na jenereta iliyo kavu juu itazima kwa njaa. Lifunge kwa mikanda ya chuma na nanga za zege zilizopigiwa hesabu ya tangi tupu, na uzidishe kwa 1.5 kuwa upande salama: hapa, kilo 2,600 na kidogo.

Bomba la kupumulia la tangi nalo lizidi kimo cha mafuriko unachojiandalia. Likiwa chini, maji huingia taratibu na kukaa chini ya mafuta, pale pale pampu inapovuta. Injini hukohoa dakika chache kisha inazima, na fundi huanza kutafuta kosa kwenye injini.

Kiasi cha mafuta kinahesabika bila kubahatisha. Jenereta ya dizeli inayobeba mzigo mzuri hula karibu lita 0.28 kwa kila kilowati saa. Mzigo wa kilowati 60 ni lita 17 kwa saa, na kwa saa 72 ni lita 1,224. Ongeza kile kisichovutika chini ya tangi, asilimia 5 hadi 10. Dizeli iliyokaa zaidi ya miezi 6 hadi 12 bila kutunzwa huota uchafu na bakteria penye maji. Fungua koki ya chini ya tangi utoe maji mara kwa mara. Na iwashe jenereta kila mwezi kwa dakika 30 ikiwa na mzigo usiopungua asilimia 30 ya uwezo wake. Kuiwasha bila mzigo, kama wengi wafanyavyo, hujaza masizi na mafuta yasiyoungua kwenye njia ya moshi na hakukuambii kama itabeba kazi yenyewe.

Jenereta ndogo ya kubeba isiwekwe ndani wala karibu na dirisha, kwa sababu kaboni monoksaidi haina harufu. Na isichomekwe kwenye soketi ya ukutani ili kurudisha umeme kwenye jengo. Umeme huo hupanda hadi kwenye nyaya za mtaani na kumuua fundi anayezirekebisha.

Saa ya kuamua

Kuhamisha mali kulianza Crosby wakati maji yamekwisha fika. Hesabu ya kurudi nyuma inaonyesha kwa nini hilo halingeweza kwenda vizuri, na kila biashara inaweza kuifanya kwa namba zake.

Tuseme una paleti 400 na foklifti moja. Paleti moja, kutoka rafu hadi ndani ya trela, dakika 3. Hizo ni dakika 1,200, yaani saa 20 bila mapumziko. Foklifti ya pili haikati muda nusu kama mlango wa kupakilia ni mmoja. Trela la futi 53 hubeba paleti 26 zikipangwa safu moja ya kimo, kwa hiyo unahitaji matrela 16, na siku hiyo kila mtu anayatafuta. Weka saa 24 za kuyasubiri. Ongeza saa 12 za kuyafikisha mahali pa juu kabla upepo haujafika kilomita 63 kwa saa, kasi ambayo hapo malori marefu yasiyo na mzigo mzito huanza kuwa hatari na mamlaka huanza kufunga madaraja. Jumla ni saa 56.

Sasa linganisha. Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani hutoa tangazo la tahadhari ya awali karibu saa 48 kabla ya upepo huo kutarajiwa, na onyo lenyewe saa 36 kabla. Mwenye kuhitaji saa 56 akingoja tangazo rasmi amechelewa kabla hajaanza. Harvey, aliyetoka mfumo dhaifu hadi daraja la 4 chini ya siku tatu, hakumwachia mtu wa namna hiyo nafasi.

Kuna njia tatu za kutoka kwenye mtego huu, na mbili za kwanza ni bora. Punguza mali yenyewe: msimu wa vimbunga wa Atlantiki ni kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na bidhaa inayoweza kuwaka kwa kukosa baridi haina sababu ya kulundikwa pale Agosti na Septemba. Au kodi mapema nafasi ya baridi nje ya bonde, kwa mkataba ulioandikwa unaotaja idadi ya paleti na saa ya kupokelewa. Njia ya tatu ni kuamua mapema kwa kutumia ishara dhaifu, ukikubali kwamba mara nyingine utahamisha bure. Weka gharama za kuhamisha bure mara mbili au tatu kwenye bajeti ya mwaka. Meneja anayejua atahojiwa kwa nini alitumia pesa wakati dhoruba haikuja atachelewa kuamua, na ucheleweshaji huo ndio unaoua.

Maamuzi yenyewe yaandikwe kwa kipimo, si kwa hisia. "Maji yakifika alama nyekundu kwenye nguzo ya langoni, umeme wa ghala B unazimwa na watu wanaondoka" ni sentensi inayotekelezeka saa nane usiku. "Hali ikiwa mbaya" haitekelezeki. Kila amri iwe na jina la mwenye mamlaka na naibu wake, maana simu hukatika.

Watu wanaobaki

Swali la kwanza si wangapi, ni wa kufanya nini. Ukishindwa kuandika kazi ambayo mtu atafanya na ambayo haiwezi kufanywa kabla dhoruba haijaja, mpeleke nyumbani. Wanaobaki wapewe maji lita 4 kwa kila mtu kwa siku. Kwa watu 12 na siku 5 ni lita 240, juu ya ghorofa na si stoo ya chini. Jaketi za kuokolea, boti au mkataba na mwenye boti, redio zisizotegemea minara ya simu, taa za kichwani, dawa za kila mtu, ngazi ya kufikia paa. Na kimo cha maji cha kuondoka, kilichoandikwa, kilicho chini ya kimo cha kufungiwa barabara.

Kabla ya kuondoka, kitu cha mwisho wanachofanya kiwe kuzima umeme kwenye bodi kuu kwa utaratibu na kuacha vipima joto vinavyotuma taarifa kwa betri yake vyenyewe. Mali yoyote ya hatari itakayobaki iwe imekwisha tengwa mbali na barabara na majirani.

Ramani ilikuwapo

Ramani ya mafuriko ya 2007 ilionyesha kwamba sehemu za kiwanda zilikuwa ndani ya eneo la mafuriko ya miaka 100 na ya miaka 500. Kampuni ya bima ililitaja jambo hilo kwenye ripoti yake ya 2016. Taarifa ilikuwa ndani ya jengo, lakini haikuwafikia walioandika uchambuzi wa hatari. Ripoti za bima huishia ofisi ya fedha. Wahandisi huzungumza na wahandisi. Tafuta yako leo, isome sehemu ya maji, na mpe nakala mtu anayesimamia umeme.

"Miaka 100" huwapumbaza watu. Maana yake ni nafasi ya asilimia 1 kila mwaka. Kwa jengo la miaka 30, nafasi ya kuyaona angalau mara moja ni asilimia 26. Mafuriko ya miaka 500 ni asilimia 0.2 kwa mwaka, karibu asilimia 6 kwa miaka 30. Hakuna mhandisi anayekubali asilimia 6 kwa kitu kitakacholipuka.

Kwa upande wa fidia, bima za kawaida za majengo Marekani kwa kawaida huacha nje mafuriko. Bima ya mafuriko ya serikali ya shirikisho huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa katika hali nyingi, na kwa biashara ina ukomo wa dola 500,000 kwa jengo na 500,000 kwa mali iliyomo. Haifidii mapato yaliyopotea. Bima ya kusimama kwa biashara mara nyingi huanza kuhesabu baada ya saa 72, na huenda isilipe kabisa kama chanzo cha kusimama ni janga ambalo bima kuu haikulifunika. Piga picha za mali yote kabla ya msimu na uzihifadhi nje ya jengo.

Moshi na barabara

Barabara kuu ya 90 ilipita ndani ya eneo lililohamishwa, na iliachwa wazi kwa muda kwa sababu ilikuwa njia muhimu ya uokoaji. Askari waliopita pale ndio walivuta moshi. Biashara yenye kemikali, gesi, betri nyingi au dawa za kilimo iandae bahasha moja: orodha ya kila kitu na kiasi chake kwa kilo, mahali kilipo kwenye ramani ya uwanja, karatasi za usalama, na namba mbili za watu wanaopokea simu usiku. Kikosi cha zimamoto kiipate kabla ya dhoruba, kwa karatasi, kwa sababu seva yako itakuwa imezima.

Maji yakishuka

Usiwashe chochote kilichozama. Vikata umeme vilivyolowa hubadilishwa, havikaushwi. Ndani yake hubaki tope na kutu vitakavyovizuia kukata siku ya hitilafu, na kwa nje vitaonekana vizima. Mota kubwa zinaweza kuoshwa kwa maji safi, kukaushwa kwenye oveni ya karakana na kupimwa. Kipimo cha ukinzani wa insulesheni chini ya megaomu 1 maana yake bado, hata kama mzalishaji anakuharakisha. Oili ya injini yenye rangi ya maziwa ina maji: mwaga, badilisha filta, jaza, zungusha injini bila kuwasha, kagua tena. Ukungu huanza ndani ya saa 24 hadi 48, kwa hiyo mbao za ukutani zilizolowa zikatwe sentimita 30 juu ya alama ya maji siku hiyohiyo.

Na kabla mfagiaji hajafuta ile alama ya tope ukutani, pima urefu wake kutoka kwenye msumari wa msingi, katika kila chumba, uandike tarehe pembeni yake. Kisha fungua orodha ya vimo vya kuzima na uirekebishe, kwa sababu sasa unayo namba halisi ya uwanja wako.